Ndani ya nondo moja, vyuma viwili

Wiki iliyopita, pale Unga Limited, Arusha, fundi mmoja alinikatia kipande cha nondo ya milimita 16. Nilikisugua kichwa chake kwa msasa, kuanzia wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, kikang'aa. Kisha nikakipangusa kwa pamba yenye spiriti na tindikali kidogo ya nitriki. Punde pete nyeusi ikajitokeza pembeni, katikati pakabaki kijivu.

Fundi akainama kutazama. "Injinia, hii wameivalisha chuma kingine juu?"

Hapana, fundi. Ni chuma kilekile. Kiwandani nondo ikitoka kwenye rola ingali nyekundu, hupigwa maji kwa nguvu. Ngozi, yaani ile pete nyeusi, hupoa ghafla na kuwa martensaiti, umbo la chuma lililo gumu sana. Joto lililobaki moyoni hurudi nje na kuilegeza kidogo, isije ikavunjika kama kigae. Moyo wenyewe hupoa polepole, ukawa feraiti na pealaiti, chuma chenye kuvutika. Njia hii ilianzia Ubelgiji miaka ya 1970.

Sasa tuivute. Wengi hudhani ile pete ngumu hubeba zaidi tangu mwanzo. Sivyo. Chuma laini na chuma kigumu hunyumbuka karibu sawa, kwa moduli (kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kunyumbuka) ya takriban gigapaskali 200. Zikiwa zimeshikana, pete na moyo hurefuka pamoja, kwa hiyo mkazo wao, yaani nguvu kwa kila eneo, ni mmoja. Ugumu wa pete bado haujahitajika.

Tofauti huanza pale moyo unapofika kikomo chake na kuanza kulegea. Kuanzia hapo unarefuka bila kuongeza mkazo wa maana, na karibu mzigo wote unaozidi unahamia kwenye pete. Pete nayo ikilegea, tuseme kwa megapaskali 500, nondo nzima imebeba tani kadhaa, na kila mita imerefuka kama milimita mbili na nusu tu. Hesabu hiyo hunisisimua kila ninapoirudia.

Kwenye baadhi ya bati za kisasa za bodi za magari mgawanyo huu wa mzigo ni uleule, ila kwa kipimo cha kuonekana kwa hadubini: visiwa vya martensaiti ndani ya feraiti. Feraiti ndiyo inayotiririka, yaani kurefuka bila kurudi, lakini haitiririki sawasawa. Husongamana kando ya visiwa. Tofauti ya ugumu ikizidi mno, vitundu hufunguka kwenye mipaka hiyo, na mpasuko huanzia humo.

Ukiachia mzigo baada ya kuivuta nondo hadi moyo ulegee, mkazo hauishi wote. Pete inataka kurudi kwenye urefu wake, moyo umesharefuka moja kwa moja. Hivyo moyo unabaki umebanwa na pete imevutwa, bila mtu yeyote kuigusa. Ukiikandamiza sasa, italegea mapema kuliko ungetarajia. Ndiyo maana sipendi kuona nondo iliyokunjwa ikinyooshwa na kuingizwa kwenye nguzo kana kwamba ni mpya.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Njiro niliona nondo zikichomwa kwa mkaa hadi nyekundu ili zikunjike kirahisi, halafu zikaachwa zipoe hewani. Niliomba kipande, nikakikata pale palipochomwa, nikakisugua na kukipaka tindikali ileile. Nikasubiri dakika moja, mbili, tatu. Kijivu kitupu, kutoka ukingo hadi ukingo.