Je, wajua kwa nini Pol.is haina kitufe cha kujibu?

Aliyewahi kuwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi anajua mambo yanavyokwenda. Mmoja anatoa wazo, wa pili anampinga, wa tatu anamtetea wa kwanza. Jioni ikifika, wanaobishana ni walewale watatu. Waliobaki wananyamaza, na ukimya wao unahesabiwa kuwa ndiyo.

Pol.is, programu iliyoundwa Seattle, Marekani, na Colin Megill na wenzake, iliondoa chanzo chenyewe cha mabishano hayo: humo huwezi kumjibu mtu. Unaletewa kauli fupi ya mshiriki mwenzako, unabonyeza kukubali, kukataa au kupita. Kisha inakuja nyingine. Ukiona hoja yako haijasemwa, unaiandika, na wenzako wanaipigia kura vilevile. Wakati huohuo programu inachora ramani ambayo kila mtu anaiona: waliopiga kura kwa kufanana wanakaa karibu, waliotofautiana wanakaa mbali.

Kipimo chake kikubwa kilikuwa Taiwan. Machi 2014 wanafunzi waliingia bungeni Taipei kupinga mkataba wa biashara na China, wakakaa humo zaidi ya wiki tatu. Mwishoni mwa mwaka huo waziri Jaclyn Tsai akawafuata g0v, jumuiya ya watengeneza programu wanaojitolea, akawaomba watafute njia ya wananchi kuzijadili sheria kabla hazijapitishwa. Ndipo ikazaliwa vTaiwan, utaratibu wa majadiliano ya umma uliotumia Pol.is, na mwaka 2015 ikabebeshwa mzigo mzito: Uber iruhusiwe au la?

Mwanzoni ramani ilionyesha kambi mbili, wanaoitaka Uber na wanaosimama na madereva wa teksi. Na hapa ndipo penye ufundi hasa. Kauli inayoshangiliwa na kambi yako peke yake haifiki mbali. Inayopanda ni ile inayokubaliwa pande zote mbili. Kwa hiyo matusi hayakuwa na faida, na watu wakaanza kutafuta maneno ambayo hata mpinzani angeyakubali. Yakajitokeza mambo kama bima kwa abiria, na kwamba serikali itumie nafasi hiyo kuzisukuma kampuni za teksi ziboreshe huduma. Hoja zikapelekwa kwenye kikao kilichorushwa moja kwa moja mtandaoni, Uber, watu wa teksi na maofisa wa serikali wakizijibu hadharani.

Hata hivyo programu haiamui. Serikali ya Taiwan haikubanwa na sheria kufuata matokeo ya vTaiwan, na kwangu huo ndio udhaifu wake mkubwa: ukiwaita watu watoe maoni kisha ukayaweka kabatini, mara ya pili hawatakuja. Asiye na intaneti naye hayumo kwenye ramani kabisa.

Programu hiyo ni huria, yeyote anaweza kuichukua na kuitumia. Lakini hata kikundi kinachotegemea WhatsApp peke yake kinaweza kubadilisha utaratibu. Kura ya WhatsApp kwa kawaida huonyesha majina ya waliopiga, hivyo wengi husubiri waone mwenyekiti amebonyeza wapi. Afadhali kila mwanachama amtumie katibu maoni yake faragha kwanza, katibu ayabandike yote kwa pamoja bila majina, na hapo ndipo mjadala ufunguliwe.