Nani atalipa ada ya ngoma? Tunayoambiana Walukuba, na ukweli wake

Nafundisha ngoma na maigizo kwa vijana wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani ambako Msamia, Mgisu, Mjaluo na Msoga huelewana kwa Kiswahili. Matokeo ya S6, yaani kidato cha sita, yakitoka, wazazi hunifuata uwanjani jioni. "Mwalimu, huyu anataka kwenda kusomea hizi ngoma zenu. Serikali italipa?" Wanakuja na mambo waliyoyasikia kwa jirani, redioni, au kwa mgombea aliyepita kuomba kura. Mengi ni ya kweli nusu, na huo nusu ukweli unakula miaka ya vijana. Nimewaona wakikaa nyumbani mwaka mzima wakingoja pesa ambayo tangu mwanzo haikupangwa kwa ajili yao.

"Serikali imeshafuta kozi za sanaa."

Haijazifuta. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara ya muziki, dansi na maigizo mwaka 1971, na ipo hadi leo kwa jina la Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu. Kyambogo nako wanafundisha. Kilichobanwa ni mlango wa ufadhili. Mwaka 2005 serikali iliamua kwamba karibu asilimia 75 ya ufadhili wake katika vyuo vikuu vya umma iende kwenye sayansi. Nafasi zote za ufadhili ni kama 4,000 kwa mwaka. Piga hesabu: zinabaki kama 1,000 kwa nchi nzima, na humo wamo wanaotaka sheria, biashara, ualimu na uandishi wa habari, pamoja na mtoto wako na ngoma yake.

Kwa hiyo ajaze fomu, na ajaze vizuri. Ila familia ijipange kama vile nafasi hiyo haitapatikana. Tangu Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, wengi wamepita njia hiyo.

"Akikosa ufadhili, atachukua mkopo wa serikali."

Mpango wa mikopo ya wanafunzi ulioanzishwa kwa sheria ya 2014 umejengwa juu ya sayansi na teknolojia. Wanafunzi wenye ulemavu ndio waliofunguliwa mlango mpana zaidi, unaogusa hata kozi zisizo za sayansi. Kama mtoto wako ana ulemavu, asikukatishe tamaa mtu yeyote kabla hujaisoma orodha ya kozi za mwaka huo kwa macho yako. Wengine, mkopo huo msiuhesabu.

"Lakini kuna pesa za wasanii. Tumesikia Emyooga."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia.

Emyooga, mpango wa serikali wa kuinua watu wa kazi mbalimbali, ilizinduliwa 2019, na ni kweli wasanii wa maonyesho wametajwa ndani yake, sambamba na waendesha boda, mafundi seremala, wenye saluni na wavuvi. Mtu akisikia hivyo anaona ada imepatikana. Ila ile ni pesa ya mtaji. Wasanii huunda vikundi, vikundi vinaungana kuwa sacco ya jimbo la uchaguzi, na sacco hiyo inapewa shilingi milioni 30 za kuanzia. Wanachama wanakopa na kurudisha ili mwingine naye akope. Hesabu wasanii wa jimbo lako, ugawe.

Pesa ya namna hiyo inafaa kununua ngoma, spika na mavazi, vitu vinavyopanda jukwaani Jumamosi na kurudi na chochote. Ada ya chuo haiingizi senti kwa miaka mitatu, wakati marejesho ya sacco yanaanza mapema. Kijana akikopa ili alipe muhula wa kwanza, muhula wa pili unamkuta ana madeni mawili. Tafadhali, tusiwapeleke watoto huko.

PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, nayo ni vilevile. Ilizinduliwa 2022, kila parokia (eneo dogo la utawala, siyo la kanisa) ikapangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa hadi milioni 1 kwa kilimo na ufugaji. Ukifuga kuku, wakataga na ukauza, faida ni yako, ipeleke shuleni. Mtaji wenyewe ni wa kuku.

Na zile bahasha ambazo wakubwa huwapa wanamuziki mbele ya kamera hazina fomu wala tarehe. Hakuna anayeweza kupangia masomo juu yake.

"Imesomwa kwenye bajeti, basi ipo."

Bajeti husomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na hazina hutoa pesa kwa robo mwaka. Tarakimu iliyo kwenye kitabu cha bajeti ni ruhusa ya kutumia. Pesa yenyewe hufuata baadaye, ikiwa pungufu wakati mwingine. Chuo kinapofungua Agosti, mhasibu haulizi robo ya kwanza imetoka au bado. Anauliza risiti ya benki.

Nani asiyekumbuka wakati wa korona? Kumbi zilifungwa Machi 2020, na maonyesho hayakuruhusiwa kurudi hadi Januari 2022. Waliokuwa wakilipa ada kwa kucheza kwenye kwanjula, sherehe za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, na harusi walikatika mfereji siku moja. Tangu hapo kikundi chetu kina sanduku. Tukilipwa laki 5, elfu 50 inaingia sandukuni kabla hatujagawana nauli. Ni kidogo, lakini imeshamaliza deni la mtihani la zaidi ya kijana mmoja.

"Amepata basari ya kipaji, sasa anasoma bure."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi.

Kila mwaka shule zetu hushindana katika tamasha la muziki, dansi na maigizo, na shule zinazopenda vikombe huwatafuta watoto wanaojua kucheza. Mwalimu anakuja mtaani, anatazama mazoezi, anasema, "Huyu nipeni." Mzazi anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Haulizi neno.

Nilikuwa na binti mmoja katika kikundi, mchezaji wa tamenhaibuga, ngoma ya Kisoga, ambaye kiuno chake kiliwafanya hata wazee wa Kisoga wasimame. Shule moja ikamchukua akiwa S2. Hapakuwa na karatasi, ni maneno tu. Mama yake aliambiwa "tutamsomesha." Baadaye ikabainika kwamba basari ilifunika ada peke yake: sare, chakula, vifaa na pesa ya maendeleo vilibaki kwa mama, anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Alijikaza. Katika S3, wiki mbili kabla ya tamasha, binti akateguka goti mazoezini. Hakucheza. Muhula uliofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wenye basari, na mama akadaiwa ada kamili, tena siku ya kufungua shule.

Ukweli ni kwamba basari ya kipaji ni mapatano, na mapatano huandikwa. Shule nyingi haziwi na nia mbaya; huwa hazijawahi kuulizwa. Basi uliza. Inafunika nini hasa: ada yote, nusu, pamoja na bweni au bila? Usajili wa mtihani wa taifa ni juu ya nani? Inadumu hadi darasa gani? Mtoto akiumia akiichezea shule, nani anampeleka hospitali, na basari inaendelea? Mwalimu wa muziki akihama, nani mwingine anayajua makubaliano haya? Omba barua yenye mhuri wa mkuu wa shule. Mama, baba, usione haya. Mtoto anatoa jasho lake, huombi sadaka.

"Mafunzo ni chuo kikuu, mengine ni mchezo."

Anayengoja chuo kikuu ndipo aanze kujifunza ngoma amechagua njia ya gharama kubwa kuliko zote. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 una somo la sanaa za maonyesho, la kuchagua. Kama shule ya karibu ina mwalimu wa somo hilo, tayari mtoto anafundishwa ndani ya ada ileile anayolipa. Wazazi wengi hawajui, na walimu wakuu wengine huliacha somo kwa kuwa hakuna anayelidai.

Nje ya shule kuna wazee. Hapa Busoga, UNESCO iliorodhesha bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu, mwaka 2012 kuwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana mabingwa wakongwe walikuwa wamebaki wanne tu. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alishika kazi ya kuwakutanisha wazee na vijana, vibuyu vikapandwa upya na vijana wakajifunza kuvipiga. Yale yalikuwa mafunzo kamili, na yalifanyika kijijini.

Kuna pia vikundi vinavyosomesha. Ndere, kilichoanzishwa 1984 na Stephen Rwangyezi, kimejulikana kwa kuwapa vijana jukwaa na kuwasaidia na masomo kutokana na pato la maonyesho. Vikundi vidogo kama chetu haviwezi kufika huko, lakini kijana anayejua ngoma nne za makabila manne, anayesoma noti kidogo na kuongoza wenzake, anafika chuoni akiwa na kitu mkononi cha kumlipia chakula wikendi. Anayefika mikono mitupu anategemea nyumbani kwa kila kitu, hata vazi la onyesho la mwisho wa mwaka.

Chuo kikuu kina faida zake: nadharia, utafiti, filamu, watu utakaofanya nao kazi maisha yote. Simkatazi mtu.

"Cheti ni cheti."

Hapana. Kabla ya kulipa chochote, thibitisha kwamba kozi yenyewe, siyo chuo tu, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu na kwamba muda wa idhini haujapita. Mwaka 2023 nchi nzima ilishtuka pale kozi nyingi za vyuo vyenye majina zilipoonekana kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati.

"Akimaliza atakuwa mwalimu, mshahara upo."

Mshahara upo, lakini haulingani. Mwaka 2022 mwalimu wa sekondari mwenye digrii ya sayansi alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa masomo mengine akabaki na kama milioni 1, na Juni walimu wakagoma. Mzazi anayekopa kwa kutegemea mshahara wa mwanawe baadaye aweke tarakimu hizi mezani kwanza, kisha azungumze na mtoto wazi. Nimeshakaa kwenye mazungumzo hayo. Watoto huelewa kuliko tunavyodhani, na wengine papo hapo hutaja kitu cha pili wanachoweza kujifunza pamoja na ngoma: sauti na mitambo, kushona mavazi, kupiga picha za video.

Yule binti wa tamenhaibuga yuko S4 sasa, katika shule ya kutwa karibu na nyumbani. Goti halijapona vizuri. Jioni huketi kwenye kigoda mbele ya watoto wadogo na kuwafundisha mikono ya bakisimba, ngoma ya Kiganda, na akiona mtoto anakosea kiuno husimama bila kujijua. Wiki iliyopita sanduku lilitoa nusu ya ada yake ya muhula huu. Mama yake ameleta elfu 40 za mukene. Jumamosi tuna kwanjula Mafubira, na tumekubaliana kwamba yote itakayopatikana siku hiyo ni yake.