Ini la aliyeungua na mfuko ulio chini ya kitanda
Kila Juni, baridi inapokaza hapa Mbeya na majiko ya mkaa yakaingizwa ndani, wodi hupokea walioungua kwa moto na kwa maji yanayochemka. Mimi ni mfamasia, na kabla ya kupitia kadi ya dawa ya mgonjwa mpya huwaomba ndugu wanioneshe walichokuja nacho kutoka nyumbani. Mama mmoja alivuta mfuko chini ya kitanda cha mwanawe: multivitamini, kopo la vidonge vya vitamini A, na chupa ya soda iliyojaa maji ya mizizi, imezibwa kwa kipande cha kitenge. "Daktari, hizi si dawa," aliniambia, "ni za kumwongezea damu tu."

Ini halijui tofauti hiyo. Sehemu kubwa ya ngozi ikiungua, kemikali za mcharuko, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha, hulisukuma ini kutengeneza protini za dharura, albumini, protini kuu ya majimaji ya damu, ikashuka, na vimeng'enya vya saitokromu P450, ambavyo hufanya hatua ya kwanza ya kuvunjavunja dawa nyingi, vikapungua nguvu. Hatua ya pili, ambayo huiunganisha dawa na kiini kitokanacho na sukari ili itoke kwa mkojo, hustahimili zaidi. Ndiyo maana diazepamu, dawa ya kutuliza inayotegemea hatua ya kwanza, hukaa mwilini muda mrefu na kumlaza mgonjwa kupita tulivyokusudia, ilhali lorazepamu, ndugu yake inayokwenda moja kwa moja hatua ya pili, haituletei taabu hiyo. Fenitoini, dawa ya degedege na kifafa, nayo hushikwa na albumini. Albumini ikipungua, dawa iliyo huru kwenye damu huongezeka hata kama dozi haijabadilishwa. (Figo huweza kwenda kinyume kabisa: baada ya siku za mwanzo huchuja kwa kasi, na dozi ya kawaida ya antibiotiki gentamisini ikawa haitoshi.)

Lishe inaingia hapo hapo. Sumu itokanayo na parasetamoli huzimwa na glutathaioni, ambayo ini huitengeneza kutokana na protini tunazokula, kwa hiyo mgonjwa aliyekonda simpi kiwango cha juu cha gramu 4 kwa siku. Mtu mzima aliyeungua sana huhitaji gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito kila siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 90 hadi 120, na uji mtupu wa mahindi haufiki huko. Zinki, shaba na seleni huvuja pamoja na majimaji ya kidonda, nazo twazirudisha kwa kipimo. Glutamini, asidi amino iliyosifiwa miaka mingi, ilijaribiwa kwa wagonjwa wapatao 1,200 na matokeo yakatolewa mwaka 2022: haikuharakisha kutoka hospitali wakiwa hai.

Multivitamini ya yule mama niliiandika kwenye kadi. Vitamini A niliirudisha, kwa kuwa ilikwishakuwamo ndani ya multivitamini na ziada yake hurundikana katika ini lile lile. Maji ya mizizi pia, kwa sababu hakuna aliyeweza kuniambia ni mizizi gani. Nilimwomba alete mayai, maziwa na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Kesho yake alikuja na chupa ya chai iliyojaa maziwa ya moto, akakaa kitandani akimnywesha mwanawe kijiko kwa kijiko.