Marehemu si hayati wa walalahoi

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mahamri, mafuta yanalia karaini, redio ya muuzaji imetundikwa msumarini juu ya meza ya unga. Mtangazaji akawa asoma habari za msiba wa mwanasiasa mmoja wa zamani. "Marehemu," akaanza, kisha akajikata mwenyewe: "samahani wasikilizaji, hayati." Akaendelea. Ile samahani ilikuwa ya nini, hakueleza, wala pale kwenye foleni hakuna aliyeuliza. Sote tumeshakaririshwa: mkubwa akifa ni hayati, mtu wa kawaida akifa ni marehemu. Mwenye gari la bendera ni hayati. Muuza mahamri, siku yake ikifika, atakuwa marehemu.

Nimeyasikia haya miaka mingi nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Maana kwanza, tumalizane nayo. Marehemu ni mtu aliyefariki, anayetajwa kwa kuombewa rehema. Hayati ni mtu aliyefariki, anayetajwa kwa kuheshimu maisha aliyoishi. Basi. Kamusi itakwambia kwamba hayati hutumiwa kwa watu mashuhuri, na matumizi ndivyo yalivyo, siyakatai. Kinachoniudhi ni watu kugeuza jambo hilo likawa ngazi, hayati juu, marehemu chini, mpaka mtu aombe radhi redioni kwa kumwombea mwenziwe rehema.

Sasa chukua maneno haya uyapange safu moja: mahabusu, majeruhi, maarufu, maluuni. Yote tumeyapokea kutoka Kiarabu, na yote yamekatwa kwenye jora moja la nguo. Kila moja lamtaja mtu aliyetendwa jambo. Mahabusu ni aliyefungwa, majeruhi ni aliyejeruhiwa, maarufu ni anayejulikana, maluuni, Mungu atuepushe, ni aliyelaaniwa. Liingize marehemu kwenye safu hiyo. Kwa Kiarabu ni marhum, na mzizi wake ni zile herufi tatu zilizozaa rehema, rahimu, rahmani na kitenzi chetu kurehemu. Kwa hiyo marehemu ni aliyerehemewa. Lipasue neno hilo utafute kifo ndani yake: hakuna sanda, hakuna jeneza, hakuna maiti. Jirani yake wa karibu katika safu ile ni maluuni, kwa kuwa ndiye kinyume chake hasa. Mmoja kalaaniwa, mwingine karehemewa. Wote wawili waweza kuwa wafu, na mmoja wao waweza kumkuta yu hai anatembea Digo Road.

Wako wanazuoni wa dini waliolishuku neno hili. Wewe umejuaje kwamba fulani ameshapata rehema? Nani kakuletea habari? Wenzao wakawajibu kwamba anayesema marehemu hatangazi habari, aomba. Mimi naona jawabu nyepesi iko barazani. Mtu akipiga chafya akasema alhamdulillahi, walio karibu humwitikia yarhamukallahu, yaani Mungu akurehemu. Mzizi ni ule ule wa marehemu. Na hakuna anayedhani kuwa mwenye chafya amekufa.

Hii ndiyo sababu sentensi nyingine za magazeti hunichekesha na kunikera kwa pamoja. "Marehemu alizaliwa mwaka 1951." Alizaliwa akiwa marehemu? "Marehemu alimtishia askari kwa kisu, kisha akatoroka kwa pikipiki." Hapo neno limeshakauka, limekuwa kibandiko tu cha maiti, na dua imemwagika njiani bila mtu kuona. Mpe mtu jina lake azaliwe nalo, asome nalo, aoe nalo. Marehemu lina mahali pake.

Hayati nalo lina ukoo wake. Hai, uhai, hayawani: wote ni ndugu, mzizi ni wa uzima. Hayati kwa Kiarabu ni maisha, na ukilivuta kidogo mwishoni lawa "maisha yangu", neno ambalo waimbaji wa Misri wamelialia nalo usiku kucha kwa ajili ya wapenzi wao. Mgeni kutoka Cairo akisikia twasema Hayati Mzee Jomo Kenyatta, aliyefia hapa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, anaweza kudhani twamwimbia mapenzi. Lakini kwetu neno limekaa vizuri. Ukisema hayati, wayaelekeza macho ya msikilizaji nyuma, kwenye maisha ya mtu: alijenga nini, alisema nini, aliacha nini. Ukisema marehemu, wayaelekeza mbele, huko alikokwenda. Kwa hiyo hakuna aliye juu ya mwenziwe. Na kama ni lazima tupime, nadhani wakubwa wana haja zaidi na neno la pili, maana hesabu yao ni ndefu.

Sikuyapata haya darasani. Aliyenionyesha ni ami yangu, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, na aliyemfanya aseme ni mpiga saksofoni wa Marekani.

Ami ni mtu wa jazi. Nasema jazi yenyewe, maana kwetu neno hilo nalo limepotea njia: Morogoro Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za dansi, na nzuri sana, ila zilichokopa kwa Wamarekani kilikuwa jina zaidi kuliko muziki. Hilo tuliache. Ami alianza kukusanya sahani za santuri enzi za mabaharia waliokuwa wakishuka Kilindini na mizigo yao midogo ya kuuza. Iliyo juu ya zote ni Karma, ya mwaka 1969, ambayo aliipata kwa vikoi viwili. Mpigaji ni Pharoah Sanders. Wimbo mkubwa wa sahani hiyo una zaidi ya dakika 32, upande mmoja haukuutosha, ukakatwa katikati. Ukitaka kuumaliza lazima uinuke ugeuze. Ami amekuwa akiinuka kugeuza tangu sijazaliwa.

Yeye saksofoni huiita zumari. Mwanzoni nilidhani ni masihara. Siku moja akanieleza kwamba ile shaba yote inayong'aa ni nyumba tu; anayelia ni kijilimi cha tete kilichofungwa mdomoni, kama kwenye zumari letu la harusini, ila letu lina ndimi mbili na lao lina mmoja. Na Sanders, akasema, alikuwa akikisonga kijilimi kile kwa pumzi mpaka kitoe sauti mbili au tatu kwa wakati mmoja, kama mtu anayelia huku anamwita mtu. Alijiunga na John Coltrane, mpiga saksofoni mwenziwe, mwaka 1965, wakapiga pamoja mpaka Coltrane alipofariki mwaka 1967, ana miaka 40 tu. Kabla ya hapo, alipofika New York mwanzoni mwa miaka ya 60, Sanders alilala mitaani. Ami hulirudia hilo mara kwa mara, kama kwamba alikuwako.

Sanders alifariki Los Angeles tarehe 24 Septemba 2022, ana miaka 81, hazijatimia wiki tatu kufika siku yake ya kuzaliwa. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili nikaenda kwa ami, Kibokoni. Ami alikuwa amekaa mkekani na kikoi chake, mgongo ukutani, sahani inazunguka. Nikamwamkia, asiitike mpaka upande ulipokwisha na sindano ikabaki yakwaruza patupu. Ndipo akainua macho. Nikampa pole.

"Nishapoa," akasema. Hakuwa amepoa. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimefanya utando.

Mjukuu wake, wa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa amemletea habari, na kwa kumfurahisha babu akawa ameandika kwenye simu ujumbe wa kuwatumia jamaa. Akatusomea: "Tanzia. Hayati Pharaoh Sanders, gwiji wa jazi..." Ami akamkatiza.

"Andika marehemu."

"Babu, marehemu ni wa watu wa kawaida. Huyu alikuwa nyota. Skuli twafundishwa hivyo."

Ami hakukasirika. Akanyoosha kidole kuelekea santuri. "Hayati yake ile pale. Dakika thelathini na mbili, na zitaendelea kulia mimi na weye tukiwa chini ya mchanga. Hilo hanihitaji mimi kumpa. Mie nampa ambalo hawezi kujipigia mwenyewe."

Kijana akanyamaza. Mimi pia.

Jioni barazani mambo yakawa magumu zaidi. Dele la kahawa lilikuwa halijamaliza duru ya kwanza mtu mmoja, mcheshi wa siku zote, akaanza: "Yakhe, nasikia leo wamlilia Firauni." Watu wakacheka, maana Pharoah kwa Kiingereza lasikika sawa na jina la Firauni. "Tena wamwita marehemu! Firauni na rehema wapi na wapi? Huyo si ndiye maluuni mwenyewe?" Hapo pakachachamaa, maana mwenye kuijua Sura ya Yunus ajua Firauni alivyosema ameamini maji yalipomfika kooni, na ajua jibu alilopewa, kwamba amechelewa.

Ami akanywa kahawa yake yote kwanza, akakiweka kifinjani. Kisha akamuuliza yule bwana: chuoni alifundishwa tauhidi, elimu ya kumpwekesha Mungu, au hakufundishwa? Alifundishwa, tena kwa bakora. Basi Firauni huyu wa Marekani, akasema ami, mwaka 1967 alitoa sahani akaiita Tauhid. Mwaka 1970 akatoa nyingine akaiita Summun Bukmun Umyun. "Iko wapi hiyo?" Yule bwana akajibu mara moja, huwezi kumlaumu kwa kumbukumbu: Sura ya Baqara, aya ya 18. Viziwi, mabubu, vipofu. Alipoisema tu, baraza zima likaangua kicheko, na safari hii kicheko kikamwangukia yeye.

Mwingine akauliza kwa upole kama mtu yule alikuwa Muislamu. Ami akasema hilo aulizwe mwenye rehema, yeye amepewa kuomba tu. Na kwa kweli Kiswahili kilishaupita mtihani huo zamani. Makanisani Mvita na Likoni husomwa majina ya marehemu bila mtu kushtuka, na Mhindu jirani yetu aliyekuwa na duka la vitambaa alipofariki, hakuna mtaani petu aliyemwita vinginevyo. Neno liliomba makao kwetu likapewa, likawa la kila anayezikwa na anayechomwa.

Ila yule mcheshi alikuwa amenitia jambo akilini. Tuliporudi nyumbani nikamwomba kijana anipe simu yake nilione lile tangazo. Alikuwa ameandika Pharaoh, a kisha o. Hivyo ndivyo anavyoandikwa Firauni wa Misri kwa Kiingereza, yule wa Nabii Musa. Mpiga saksofoni alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1940, akaitwa Ferrell. Jina la Pharoah lilimjia ukubwani, na kwake o imetangulia a. Herufi mbili zimepishana, mtu mwingine kabisa. Nikamwonyesha. "Huyu uliyemwandika weye muache na bahari yake."

Akafuta. Kwenye jina hakusita. Kwenye lile neno la mbele alisita kidogo, kidole juu ya kioo, akimtazama babu yake ambaye alikuwa ameshainuka kwenda kugeuza sahani. Nikamwacha achague. Akaandika: Marehemu Pharoah Sanders.

Kwa hiyo, bwana mtangazaji wa Jumatatu, sikukukasirikia, na sauti yako ni nzuri. Ile samahani tu ndiyo hatukuwa na haja nayo. Ulipatia mara ya kwanza.