ATV Iliyozama: Yanayosemwa Ukingoni na Yanayotokea Ndani ya Injini

ATV (pikipiki ya magurudumu manne ya njia mbovu) ikizimika katikati ya mto na maji yakapanda hadi kiti, kila aliye ukingoni hugeuka fundi. Ushauri unamiminika, na sehemu kubwa ya ushauri huo huua injini kuliko maji yenyewe. Injini iliyozama ikahudumiwa mapema na kwa mpangilio, mara nyingi hurudi kazini bila kilema. Ile isiyorudi, aghalabu kuna mtu aliyekuwa na haraka ya kubonyeza starta.

"Piga starta, maji yatajitoa yenyewe kwenye ekzosi."

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote. Pistoni inapopanda hubana hewa na petroli mpaka vibaki kwenye nafasi finyu sana juu yake. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Chukua injini ya silinda moja ya cc 500 yenye uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1: nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni kama mililita 55, yaani vijiko vinne hivi vya mezani. Maji yakizidi hapo huku valvu zote zimefungwa, pistoni inagonga kitu kisichosogea, na lazima kitu kingine kiachie. Mara nyingi ni konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, inayopinda. Injini ikiwa imeyavuta maji ikiwa kwenye mwendo wa kasi, konrodi inaweza hata kukatika na kutoboa ubavu wa injini.

Kwa hiyo, ATV ikishatoka majini, zima swichi na uchomoe waya hasi wa betri. Mwaga oili ya injini. Fungua boksi la chujio la hewa na uangalie: likiwa kavu ndani, pumua kidogo, huenda maji hayakufika kwenye silinda. Likiwa na maji, hesabu kwamba yamefika.

Halafu plagi. Kabla ya kuifungua, safisha kwanza kishimo inamokaa, kwa sababu hujaa tope na maji, na ukiichomoa hivihivi uchafu wote huo unatumbukia ndani ya silinda. Plagi ikishatoka, izungushe injini taratibu kwa mkono au kwa kiki kama ipo. Maji yataruka kupitia tundu la plagi, basi usiweke uso hapo. Hakikisha pia umeme wa plagi umekatwa: maji hayo hutoka pamoja na mvuke wa petroli, na cheche moja inatosha kuwasha moto. Yakiacha kutoka, tia oili kidogo kwenye tundu hilo na uzungushe tena ili kuta za silinda zipate utando wa kuzikinga na kutu.

Ukihisi injini inakwama mahali palepale kila mzunguko hata plagi ikiwa nje, acha. Hapo kazi si ya kukausha tena, ni ya kufungua injini.

"Starta ikigoma, ivute kwa gari."

Ni kosa lilelile, ila sasa umeliongezea nguvu za gari zima. Na ATV nyingi za mkanda, yaani zinazopeleka nguvu za injini kwa mkanda na puli, haziwaki kwa kuvutwa hata zikiwa nzima, maana klachi yake hushika pale injini inapokuwa tayari inazunguka.

"Kijiti cha oili kinaonyesha oili safi, kwa hiyo maji hayakuingia."

Oili huelea juu ya maji. ATV ikisimama saa kadhaa, maji hutulia chini kabisa kwenye krenkikesi, yaani kasha la chini la injini, na kijiti kinagusa oili nzuri iliyopanda juu yake. Dalili ya kutilia shaka ni kiwango kuwa juu kuliko kawaida. Uthibitisho uko kwenye bolti ya kumwagia: ilegeze polepole na utazame kinachotangulia. Maji yakiwemo, yatatiririka yenyewe kwanza, kisha ndipo oili ije. Kama injini ilikuwa imezunguka, utakuta vimeshakorogana na kuwa kama chai ya maziwa.

Kubadilisha oili mara moja hakutoshi, na hapa watu wengi hubania. Maji hubaki kwenye vijia vya oili, kwenye pampu na kwenye kona za krenkikesi. Tia oili mpya na chujio jipya, injini ikikubali kuwaka iache kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, dakika chache bila kuipigisha kelele, imwage, utie nyingine. Rudia mpaka itoke na rangi yake halisi. Oili hizi za kusafishia zinaweza kuwa za bei nafuu, mradi ziwe za pikipiki. ATV yenye klachi inayooga ndani ya oili haitaki oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano, kwani klachi huanza kuteleza. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili zinazofaa klachi ya aina hiyo.

"Petroli haichanganyiki na maji, kwa hiyo tangi liko salama."

Kutochanganyika huko ndiko kunakoleta balaa. Maji ni mazito, yanakaa chini ya tangi, na chini ndiko mafuta yanakochukuliwa. Kwenye kabureta, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli lake na ukinge kinachotoka kwa chupa inayopitisha mwanga. Iache itulie, utaona mstari unaotenganisha vitu viwili. Ukiuona, mwaga tangi lote. Kwa zile zenye pampu ndani ya tangi na injekta, usiiwashe pampu kabla ya tangi kusafishwa.

"Iache juani siku tatu, itakauka."

Jua hukausha kiti. Maji yaliyo ndani ya injini hayana pa kutokea, na chuma chenye unyevu kinapokutana na hewa huanza kushika kutu ndani ya saa chache. Kama huna vifaa leo, angalau mwaga oili, toa maji kwenye silinda na uweke oili mpya. Dawa ya kupuliza kama WD-40 inasaidia kusukuma maji kwenye waya na soketi zake, lakini haikai; si mbadala wa oili wala greesi.

"Imewaka, imepona."

Injini ni sehemu moja tu. Giaboksi na difu zina mipira ya kupumulia, na zinapokuwa na joto la safari kisha zikatumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia mipira hiyo au kwenye sili zilizochoka. Kwa hiyo difu inaweza kunywa maji hata siku ambayo injini haikunywa. Fungua bolti zake zote za kumwagia na uangalie rangi ya oili.

Nyumba ya mkanda nayo hujaa. Nyingi zina kizibo cha kumwagia maji upande wa chini. Ukishayatoa, weka nyutro na upandishe mwendo wa injini kidogo kidogo ili upepo wa puli ukaushe mkanda. Ukiondoka ukiwa bado umelowa, mkanda utateleza, utapata joto na kuungua. Beringi za magurudumu, breki na chujio la hewa vinafuata. Chujio la karatasi lililolowa litupwe.

Na sikiliza sauti. Konrodi iliyopinda kidogo tu bado inaweza kuruhusu injini iwake, ila inakuwa imefupika, pistoni haifiki juu ilipokuwa ikifika, mgandamizo unashuka, nguvu zinapungua na kuna mgongano unaosikika ndani. Pima mgandamizo kabla ya kuanza kuilaumu kabureta.

"Nimefunga bomba refu la kuvutia hewa, naweza kupita popote."

Bomba hilo linainua mdomo wa injini pekee. Mipira ya difu, nyumba ya mkanda na soketi za waya vimebaki palepale, na ATV yenye matairi makubwa huanza kuelea kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa bomba. Vitabu vingi vya watengenezaji huweka mpaka kwenye kiwango cha mahali pa kuwekea miguu.

"Maji ni maji."

Ya bahari ni jambo jingine. Osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile, kwa mpira wa kawaida, si kwa mashine ya presha inayosukuma maji ndani ya beringi. Kisha fungua soketi za waya moja baada ya nyingine, zikaushe na uzipake greesi ya umeme. Zikiachwa, pini za shaba huota ukungu wa kijani, na taa au starta hufa wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kuzama.