Je, Wajua? Kwa Nini Kibodi Hutii Kompyuta Ikiwaka, Kisha Hufa Linux Ikianza?

Kwenye stesheneri yetu Ngamiani, Tanga, kuna kompyuta kuukuu ya mezani ambayo kazi yake ni kuchapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Niliona inajikokota, nikaamua kuijengea kerneli yangu mwenyewe, yaani kile kiini cha mfumo endeshi wa Linux kinachoongea na vifaa, huku niking'oa kila nilichodhani hakina kazi. Nikawasha. Menyu ya kuchagua mfumo ikaja, mishale ya kibodi ikanitii vizuri tu. Nikabonyeza Enter. Ilipofika kwenye kuomba nywila, kibodi kimya. Nikagonga Caps Lock: taa haikuwaka.

Taa hiyo ni kipimo kizuri. Kibodi ya USB haijiwashii taa yenyewe, huamriwa na kompyuta. Isipowaka, ujue hakuna anayeisikiliza.

"Kaka, si tununue nyingine tu?" akauliza kijana tunayefanya naye kazi. Lakini kibodi ilikuwa nzima, maana kwenye menyu imefanya kazi. Pale kerneli ilikuwa bado haijaamka. Aliyeisikiliza ni BIOS, programu ya ndani ya kompyuta inayoamka kabla ya Linux, ambayo ina draiva yake ndogo, yaani programu ya kuongea na kifaa, na kibodi nyingi zina lugha fupi kwa ajili yake: kila ujumbe baiti 8. Ya kwanza ni ya Shift, Ctrl na wenzao, ya pili haina kazi, sita zilizobaki ni za vitufe vilivyobonyezwa. Kitufe cha A hutumwa kama namba 4, cha B kama 5. Na kibodi haianzi mazungumzo hata siku moja. Ni kama mwari, husubiri kuulizwa, na huulizwa tena na tena kila baada ya milisekunde chache.

Kerneli ikishika usukani, BIOS hukabidhi matundu ya USB na kuondoka. Kuanzia hapo kerneli isipokuwa na draiva zake, kibodi imebaki yatima.

Kilichonichanganya ni flashi. Niliichomeka kwenye tundu lilelile la kibodi, na kerneli ikaandika kwenye skrini kwamba imeiona. Sasa USB inafanya kazi au haifanyi?

Inafanya, ila nusu. USB 2.0 ilipokuja mwaka 2000 ilileta kontrola, yaani msimamizi wa matundu ya USB, iitwayo EHCI, nayo huhudumia vifaa vya mwendo kasi peke yake, kama ile flashi. Kibodi na mausi nyingi ni za mwendo wa chini kabisa, megabiti 1.5 kwa sekunde. Kwenye mashine nyingi za zama zile, kifaa cha namna hiyo kikichomekwa, tundu huhamishiwa kwa kontrola mwenza wa kizazi cha kwanza, UHCI au OHCI kutegemea mtengenezaji. Mimi nilikuwa nimeng'oa draiva za wote wawili kwa kuwaona wazee. Mashine mpya zenye xHCI hazina tabu hiyo, kontrola mmoja hubeba kasi zote.

Kurudi nyuma hakukuwa kugumu: menyu ilikuwa bado inanisikiliza, nikachagua kerneli ya zamani na kufungua upya orodha ya mipangilio kwa amri ya make menuconfig. Nikarudisha UHCI. Juu yake lazima iwepo USB_HID, draiva ya vifaa vya kuingizia kwa mkono, pamoja na HID_GENERIC inayotafsiri ujumbe wa kibodi za kawaida. Halafu kuna INPUT_EVDEV. Hii ni ya hila: ukiisahau, utaandika vizuri kwenye skrini nyeusi ya maandishi, lakini ukifungua madirisha, mausi na kibodi vinaganda.

Mistari mingi ya draiva ina majibu matatu: N ni hapana, Y hushonewa ndani ya kerneli, M hubaki moduli, faili la pembeni linaloitwa likihitajika. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Moduli ndivyo zilivyo, na kwa vitu vingi ni jambo jema. Ila kama diski yako imefungwa kwa nywila na moduli za kibodi zimo humohumo ndani, umefungia ufunguo chumbani: kibodi inangoja diski ifunguke, diski inangoja kibodi iandike. Mifumo mingi hukwepa hilo kwa kuweka moduli hizo kwenye initramfs, kifurushi kidogo kinachopakiwa pamoja na kerneli kabla diski haijaguswa. Mimi sikuwa nacho, nikaweka Y zote nne.

Ujenzi ulichukua muda wa chai na mahamri, kisha wa chakula cha mchana. Nikawasha tena, nikapita menyu, ikafika kwenye nywila. Kabla ya kuandika chochote nikagonga Caps Lock. Kijana akainama kutazama: kijani.