Loku ya wasomaji haimalizi foleni ya kutafuta faili

Wengi wanaamini foleni ya loku (kufuli la kuzuia prosesa kuvurugana kwenye data moja) kwenye kerneli, yaani moyo wa mfumo wa kompyuta, inaletwa na wanaoandika tu, eti kama prosesa zote zinasoma basi weka loku ya wasomaji, ile inayoruhusu wengi wasome pamoja, na mambo yameisha. Hapana jamani, sio hivyo.

Chukua Linux. Programu ikifungua /usr/lib/kitu, kerneli inapita kipande kwa kipande, / halafu usr halafu lib, na zamani kila kipande ilikuwa lazima ikishike kwanza, yaani iongeze kaunta ya watumiaji wake ili kisifutwe katikati. Sasa kuongeza kaunta ni kuandika kwenye memori! Prosesa zote zinapita / ile ile, kila moja inataka ule mstari wa kashe (kijisehemu cha memori ya haraka ya prosesa) wenye kaunta uwe wake, unarushwa huku na huku, na loku ya wasomaji nayo ina kaunta yake kwa hiyo tatizo liko palepale.

Dawa iliingia toleo 2.6.38, mwaka 2011, kazi ya Nick Piggin, mmoja wa waandishi wa kerneli: unapita njia bila kuandika chochote kwenye vipande vya katikati. RCU, utaratibu wa kerneli wa kusoma bila loku, inazuia memori isiachiliwe ukiwa bado unasoma, na kila kipande kina namba ya mfuatano, unaisoma kabla na baada, ikibadilika (mfano mtu kabadilisha jina la folda) unarudi kwenye ule utaratibu wa zamani wa kushika. Cha mwisho tu ndo kinashikwa. Ila wote mkifungua faili moja hiyo hiyo bado mnagongana pale mwisho, ndo maana toleo 3.12 la 2013 likaunganisha loku na kaunta kwenye neno moja la biti 64, ili kaunta iongezwe kwa pigo moja bila kushika loku kwanza.